Fomu Inafungwa Saa Sita

Fomu inafungwa saa sita mchana.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari langu limechomekwa kwenye umeme
kama mgonjwa kwenye dripu.
Chai imepoa mara mbili.
Kwenye skrini, visanduku viwili:
tiba ya familia, tiba ya dharura.
Panga, wanasema, cha kwanza hadi cha mwisho.

Miezi miwili nilikaa Regina, chumba cha dharura.
Usiku mmoja waliingia watatu kwa pamoja;
barabara ilikuwa kioo, lori halikuwa na breki.
Mikono ilijua kazi kabla yangu,
bomba kooni, sindano mfupani,
moyo ukarudi: mlima, bonde, mlima.
Nilitoka alfajiri nikinuka iodini na ushindi.
Yule kijana alipandishwa ghorofa ya nne.
Mpaka leo sijui kama alipona.
Mpaka leo sijui aliitwa nani.

Kisha wakanipeleka Halverby:
maghala mawili ya ngano, kanisa lenye kuba la kitunguu,
hospitali ya vitanda sita,
na Daktari Odile Gaudry, mwaka wake wa thelathini na moja,
asiyemsikiliza mtu kifua kabla ya kumuuliza habari za ndama,
anayejua nani humeza vidonge
na nani huvirundika kwenye kopo la kahawa.

Bibi Paraskeva Dutchak alikuja kukatwa kucha.
Kucha tu.
Nikavua soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na chini ya kidole gumba, kidonda
kidogo kuliko punje ya ngano,
kisichouma, na huo ndio ubaya wake.
Gaudry alikimulika tochi, akasema,
"Umeokoa mguu mzima
na hakuna king'ora kitakacholia."
Usipoziba ufa...
Nilidhani nimekwisha kuamua.

Ijumaa ile ya dhoruba
Gaudry alikuwa kilomita tisini, akizalisha.
Helikopta ilikataa kuruka.
Akaja Waylon Moostoos, miaka minne, pumu,
ngozi ikizama katikati ya mbavu kila alipovuta pumzi,
mama yake akiwa bado na theluji kwenye kope.
Nesi Bernadine alinitazama, nikamtazama,
kila mmoja akimtafuta daktari kwa mwenzake.
Sauti ya simu kutoka Saskatoon ilinishika mkono
hatua kwa hatua, kama afundishwavyo mtu kuendesha gari.
Alipona. Naharakisha kusema, alipona.
Lakini vidole vyangu vilitetemeka hadi Jumapili,
na Jumapili kanisani mama yake alinishukuru
nikaona haya kuipokea asante.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Huku fisi hatuna. Tuna koyoti,
mbwamwitu mdogo wa tambarare,
naye njia hazimhusu, hukata katikati ya shamba.
Nimemtazama asubuhi hii dirishani
na sikupata kwake ushauri wowote.

Jana nilimpigia Gaudry. Alikuwa anakunywa supu,
nilisikia kijiko.
Nikamwuliza, nichague ipi?
Akakaa kimya muda wa vijiko viwili.
"Kila mtu huniuliza juu ya Ijumaa," akasema.
"Ijumaa utaiweza, au utaogopa na bado utaiweza.
Niambie utafanya nini Jumanne.
Jumanne ni ndefu, binti,
na wote watakaokuja wanakujua."

Saa tano na dakika hamsini na mbili.
Naweka familia kwanza.
Chini, penye nafasi ya maelezo,
naomba mwaka mmoja wa nyongeza
nijifunze koo, mbavu, usiku usio na helikopta.
Nafuta neno "tafadhali". Nalirudisha.
Nabofya.

Hakuna kengele iliyolia.
Natoka, nachomoa waya, nawasha gari.
Injini inakohoa, inakohoa tena,
nami nimeinama barazani mwa theluji
nikiisikiliza kifua.